Kushuka Salingdan

Gari lilikufa bila hata kukohoa. Dizeli ikikuishia, injini hukuaga: inakwama, inatetemeka, inapiga chafya mbili tatu, na abiria wanajua. Gari la betri halina adabu hiyo. Lilipunguza mwendo kwenye kona ya tatu chini ya Salingdan, kijiji cha juu mlimani, ukungu umegusa kioo, kisha likasimama, na taa nyekundu ya betri ikabaki ikinitazama. Nyuma yangu watu ishirini na wawili walikuwa wamekaa wakiangaliana kwenye mabenchi yao, wakingoja niseme neno. Nilivuta breki ya mkono nikawaambia kwa leo tumefika.

Mama mmoja muuza kabichi akaitoa simu yake, ikapita mkono kwa mkono hadi mbele, kama nauli inavyopita.

"Ina asilimia arobaini, Manong," akasema, kwa neno letu la kumheshimu kaka mkubwa. "Kama unaweza kuinyonya, inyonye, tufike nyumbani."

Walicheka wote. Nami nilicheka, maana dereva asiyeweza kucheka na abiria wake hadumu. Lakini ilikuwa mara yangu ya nne kukwama mwezi ule.

Walipokuwa wanashusha magunia, gari namba tano likatokea kwenye ukungu, likipanda taratibu na karibu tupu. Dereva wake hakuniuliza kitu. Alisimama kando yangu, akaelekeza midomo kwenye mabenchi yake, na abiria wangu wakahamia kwake. Nilichungulia dirishani mwake. Betri yake ilikuwa na asilimia kumi na tisa, na ile ilikuwa safari yake ya nne kwa chaji moja, sawasawa na mimi. Dereva huyo alikuwa Clarito, ambaye njia nzima ilimwita Breki. Katika madereva wa Salingdan hakukuwa na mbovu kumshinda, na mimi ndiye niliyempa jina hilo.

Sasa nina miaka sitini na moja, na nimeshukuru kwa mambo mengi: mke, watoto, mapafu ambayo bado yanapanda ngazi za mji wa Baguio. Lakini shukrani yangu kubwa inamwendea mtu niliyemcheka miaka ishirini na mitano, pamoja na mkewe. Nimechelewa kuisema.

Mwaka ule amri ya serikali ilikuwa imeshafika kwamba jipni zetu za zamani, magari ya abiria ya dizeli, ziondoke barabarani. Yangu iliitwa Malkia wa Ukungu, na hadi leo iko kando ya nyumba, kuku wanataga chini ya usukani. Tuliungana tukawa ushirika, tukapewa magari manane ya betri kwa majaribio ya miezi mitatu. Sharti lilikuwa moja tu. Mwisho wa miezi mitatu angekuja mkaguzi, na gari lingepanda kutoka sokoni mpaka Salingdan na kushuka tena mara nne kwa chaji moja, likiwa limejaa. Likishindwa, njia yetu ingepewa kampuni ya mabasi ya bondeni, na sisi tungekwenda kulima sayote, mboga ya mlimani.

Magari yetu yalikuwa yanamaliza safari tatu na nusu. Nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inatunyima usingizi.

Tulilaumu kila kitu. Wengine walisema ni baridi ya mlimani, wengine wakasema muuzaji ametuuzia betri zilizochoka. Fundi akaja toka bondeni, akachomeka mashine yake, akasema betri ni nzima, akateremka zake. Mwenyekiti wetu, Manong Gavino, alimlaumu kuku wa tambiko. Siku ya kupokea magari, asubuhi padri aliyanyunyizia maji ya baraka, na mchana mzee wa mila akamchinja kuku na kumpasua aitazame nyongo. Nyongo ilikuwa nono, imelala vizuri chini ya ini, ishara njema, na wote tuliiona. Gavino akasema labda kuku mmoja hatoshi magari manane. Tukachinja wa pili, tukamla na tangawizi, na kesho yake magari mawili yakafia mlimani.

Hakuna aliyefikiria kujilaumu mwenyewe, mimi nikiwa wa kwanza.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu sisi madereva wa milimani. Dizeli ni ghali na mlima haupungui, kwa hiyo kila mmoja wetu alijifunza mapema kuuibia mlima. Ukifika juu na kuanza kuteremka, unazima injini. Gari linabingirika lenyewe kilomita saba mpaka sokoni, wewe unashika usukani na kugusa breki kwenye kona, na tone la mafuta halitoki. Kazi hiyo inataka moyo na macho. Nilikuwa nateremka Salingdan kimyakimya, abiria wanasikia upepo tu, na mafuta ya watu wengine ya siku mbili yalinitosha siku tatu. Nilijisikia sana. Vijana waliokuja kuanza kazi niliwafundisha mimi, bure, kwa kujionyesha.

Clarito nilimfundisha mwaka wa tisini na sita. Alijifunza kwa wiki moja, mkono mwepesi. Mwaka uliofuata aliligonga gari kwenye ukuta wa kona ya tatu, mkewe Purita akiwa kiti cha mbele, ndoa ina miezi miwili. Breki zilikatika, Clarito alituambia. Purita alikaa hospitali wiki sita, akatoka na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Tangu siku hiyo Clarito aliteremka kwa gia ya kwanza, injini inanguruma, mguu haubanduki kwenye breki mpaka zinanuka. Abiria wenye haraka walimkwepa. Mimi nikamwita Breki, na jina likamganda. Kwenye harusi na kwenye misiba nilisimulia jinsi konokono alivyompigia honi apishe njia. Alikuwa anatabasamu na kunywa kahawa yake.

Magari ya betri yalipokuja, hayakuwa na injini ya kuzima. Lakini kulikuwa na kikono kidogo cha gia kulia kwa dereva: mbele, nyuma, na katikati, yaani nyutro, bila gia. Muuzaji alituambia tukiteremka tuache mbele, tusiguse. Tulimsikia vizuri. Lakini mkono hauna masikio. Mkono uliozima injini kwa miaka thelathini, ukifika juu ya Salingdan ulikwenda wenyewe kwenye kile kikono na kukirudisha katikati, gari likabingirika kwa raha, na moyo wangu ukaniambia hapo tunaokoa. Wenzangu sita walifanya vilevile, maana mwalimu wao ni mimi.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya mkaguzi kuja, tukakaa kikao uani sokoni, pale magari yanapochajiwa. Purita ndiye aliyekuwa msimamizi wa chaji. Alikuwa na ubao mweusi, na kwa chaki aliandika kila gari limetoka na asilimia ngapi na limerudi na ngapi. Namba tano ndilo pekee lililorudi na kitu. Nilisimama. Nilikuwa nimedhalilika mbele ya muuza kabichi, na mtu aliyedhalilika hutafuta wa kumtwisha.

"Mwenye soketi ni mke wake," nikasema. "Bado tunauliza gari la nani linashiba?"

Watu waliguna, na baadhi walitikisa kichwa kukubali. Purita alibaki ameshika chaki, akitazama ubao wake. Clarito ndiye aliyeinuka, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Kesho tubadilishane magari, Manong."

Tukabadilishana. Yeye alichukua namba tatu yangu, gari bovu kuliko yote, akamaliza safari nne na kurudi na asilimia kumi na tano. Mimi na namba tano yake, gari lililoshiba, nilikwama kwenye kona ya tatu katika safari ya nne, palepale. Nilirudi uani nimevutwa kwa kamba. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Purita alinisubiri mpaka wengine wameondoka kwenda kula. Akaniita kwenye ubao. Pembeni, kwa herufi ndogo, alikuwa ameongeza safu ambayo hakuna aliyemtuma aandike. Kwa siku kadhaa aliwauliza madereva betri inasoma ngapi kule juu, kabla hawajaanza kuteremka, na kisha akaisoma mwenyewe wakifika chini.

"Nyinyi mkiteremka, namba haisogei," akasema. "Yeye akiteremka, inapanda. Anaondoka juu na sabini na tatu, anafika hapa na sabini na tisa. Kila siku, Manong. Si mimi ninayemshibisha. Ni mlima."

Akanieleza kwa maneno ya mtu aliyeendesha baiskeli utotoni. Ile dinamo inayowasha taa hailali bure kwenye tairi. Ukiitenganisha na tairi, taa inazimika. Gari likiwa kwenye gia, tairi zinaizungusha mota na mota inairudishia betri umeme. Ukiweka katikati, umewaachanisha, na mlima unabaki na mali yako. Nilisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa. Halafu, kwa sababu kiburi hufa mwisho kabisa, nikasema basi ni bahati, woga wake ndio umemsaidia.

Purita aliiweka chaki chini.

"Si woga," akasema. "Siku ile breki hazikukatika. Injini ilikuwa imezimwa. Injini ikizimika breki zinakuwa ngumu kama jiwe, na wewe unajua. Alikanyaga kwa miguu yote miwili. Pale hospitalini akaniapia kwamba hatateremka tena na injini iliyozimwa, hata iweje."

Nilimuuliza mbona alituambia breki zilikatika.

"Angesema ameizima, si mngeuliza kafundishwa na nani?"

Kisha akachukua kitambaa akaanza kufuta ubao kwa ajili ya kesho. Mimi nilisimama pale, nikitazama jinsi alivyouegemea ule mguu mrefu ili afikie juu. Nikakumbuka jambo nililoliona kila siku bila kulitia akilini. Purita aliishi Salingdan. Jioni alipanda kwa gari, na mumewe. Lakini asubuhi hakuteremka na gari la mtu yeyote, hata la mumewe. Alishuka kwa ngazi, ngazi mia nne na kitu, na fimbo yake, mvua au ukungu. Sisi tulisema Purita anapenda mazoezi.

Sikuomba msamaha siku ile.

Clarito aliwakusanya madereva wote uani akawaonyesha jinsi ya kuteremka gari likiwa kwenye gia, bila kumtaja mtu na bila kunitazama. Wengine walijirekebisha kwa siku mbili tatu. Mimi, mwalimu wao, nilishindwa. Nilikuwa naapa nikiwa juu, na kufika kona ya kwanza nakuta kikono kiko katikati, na sikumbuki nimekigusa saa ngapi.

Mkaguzi akaja, mtu mwembamba mwenye kikohozi na daftari. Gavino alimwekea tayari namba tano na dereva wake. Mkaguzi akapekua karatasi zake akasema hapana, yeye anataka namba tatu, gari lililokwama mara nyingi kuliko yote, na dereva wake yuleyule. Gavino alinitazama kama mtu anayetazama jeneza lake likipimwa. Wenzangu walijaza mabenchi, tukapakia magunia ya mchele chini ya miguu yao, na muuza kabichi yule akaja na trei tatu za mayai, akasema kama tunapanda bure hawezi kuiacha bahati.

Kiti cha mbele, pembeni yangu, aliingia Clarito. Alinipa nauli. Nilimwambia leo hakuna nauli. Akaiweka juu ya dashibodi, akajikunja kwenye kiti, na mkono wake wa kushoto akaulaza juu ya kikono cha gia.

Tulipanda vizuri. Kule juu nikageuza gari, tukaanza kuteremka, na mkono wangu wa kulia ukaondoka kwenye usukani kama kawaida yake. Ukakuta mkono. Ulikuwa na joto, na ngozi ngumu, nami nikaurudisha wangu upesi. Kabla ya kona ya pili ukaenda tena. Mkono wa Clarito ulikuwa palepale, haukunisukuma wala kunibana. Njia nzima ile nilimgusa mara tisa. Kwa hofu nikawa nakanyaga breki kwa pupa mahali ambapo ingetosha kuinua mguu kwenye kikanyagio cha mwendo na kuiacha mota izuie, kwa hiyo tulifika chini tumepata asilimia tatu tu. Tulihitaji sita.

Safari ya pili nilimgusa mara tano. Ya tatu, mara mbili. Sikuwa najisikia aibu tena. Nilikuwa naendesha kama niliyeanza kazi juzi, nasikia mota inavyovuta nyuma, najifunza kuinua mguu mapema na kuuacha mlima ufanye kazi yake. Lakini zile asilimia tatu za mwanzo zilikuwa zimepotea. Kupanda mara ya nne, kila mtu nyuma alikuwa ananyoosha shingo aisome betri. Kwenye kona ya tatu betri ilisoma sita. Gavino alikuwa anapiga ishara ya msalaba, na nadhani pia alikuwa anamkumbuka yule kuku wa pili. Tulifika Salingdan na asilimia mbili.

Nikageuza. Hapo sikuwa na namna nyingine tena. Ama mlima uturudishie chetu, ama tukwame kwenye tambarare ya sokoni, mbele ya daftari.

Kona ya kwanza, mkono wangu ulibaki kwenye usukani. Ya pili pia. Namba ikawa tatu. Tulipokaribia kona ya tatu, pale ukutani, Clarito aliutoa mkono wake juu ya gia akauweka gotini. Nilitazama kile kikono, kiko wazi, hakuna wa kukilinda. Sikukigusa.

"Clarito," nikasema. Nilikuwa sijalitamka jina lake tangu mwaka wa tisini na saba. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Angalia barabara, Manong," akasema. "Nyuma kuna mayai."

Tulifika sokoni na asilimia nane. Mkaguzi aliandika, akakohoa, akaandika tena, akauliza kama kuna mahali anapoweza kupata supu ya moto. Tulipojua kwamba tumepita, Gavino alilia waziwazi, na muuza kabichi akagawa mayai, yote mazima. Clarito alikuwa ameshakwenda kumsaidia mkewe kuchomeka waya.

Magari yale yalikuwa na namba tu, na sisi tumezoea gari liwe na jina kwenye paji la uso, la mke au la mtakatifu. Tulipopata kibali, ushirika uliruhusu kila dereva aandike jina moja. Wote walitegemea nitaandika Malkia wa Ukungu. Nilimlipa mchoraji aandike CLARITO, kwa rangi nyekundu yenye kivuli cha dhahabu. Mwenyewe alilitazama muda mrefu akasema watu watadhani nimeandika jina la mwanangu. Jina la Breki lilibaki, maana majina hayafutiki kwa amri, ila sasa madereva wageni wakilisikia wanadhani ni cheo. Mimi siwasahihishi. Nawafundisha kuteremka, nikiwa nimekaa kiti cha pembeni, mkono juu ya gia, na wakiugusa sisemi neno. Nimeshukuru kufundishwa hivyo, bila kelele, na mtu aliyekuwa na kila haki ya kunipigia kelele.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi haikuwa ya mkaguzi. Ilikuwa kama mwezi mmoja baadaye, asubuhi, niko juu Salingdan nangoja abiria. Ngazi zilikuwa zimelowa. Purita alikuja na fimbo yake, akapita mbele ya gari langu kuelekea kwenye ngazi, akasimama, akalisoma lile jina. Kisha akarudi, akafungua mlango wa mbele, akapanda. Aliweka fimbo katikati ya magoti akashika chuma cha dashibodi kwa mikono yote miwili. Sikumwambia karibu wala pole, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitaharibu.

Niliteremka polepole kuliko nilivyowahi kuteremka maishani. Magari mawili yalinipigia honi nikayapisha. Kwenye kona ya tatu alifumba macho, nami nikainua mguu, na gari likajizuia lenyewe, likapita ukuta ule bila haraka. Alipoyafumbua tulikuwa tumeshafika penye duka la mkate. Hapo aliachia mkono mmoja.

Sokoni, Clarito alikuwa amesimama uani na waya wa chaji mkononi. Alimwona mkewe anashuka garini, na ule waya akabaki ameushika tu, bila kuuchomeka popote. Purita alitafuta kwenye pochi akanipa nauli yangu kamili. Nilitaka kuikataa.

"Chukua," akasema. "Kesho unapita saa ngapi?"